Nyama ya Baisani: Faida Zake kwa Mwili, Nani Achunge, na Kwa Nini Mbuzi wa Mtaa Wenu Anaikaribia

Hii lazima imekupata. Uko kwa kitanda saa tano usiku, bundles ziko karibu kuisha, na kwa simu inapita video ya jamaa wa Marekani, mikono kama ya beba-beba wa Gikomba, anageuza kipande kikubwa cha nyama nyekundu juu ya moto. Anasema hiyo ndiyo nyama safi kuliko zote: haina mafuta, inajenga misuli, imemtoa kitambi. Unaambiwa ni nyama ya bison. Asubuhi beshte yako wa gym naye anakuuliza, "Buda, hiyo si ni buffalo? Hapa Nairobi inauzwa wapi?"

Tumekuchambulia hiyo stori yote. Utajua huyu mnyama ni nani, nyama yake iko na nini ndani, inasaidia nani, nani anafaa kuenda nayo pole, na kama kuna haja ya wewe kuhangaika kuitafuta na hapo nje ya plot kuna mbuzi anachomwa.

Kwanza, baisani ni mnyama gani?

Baisani ni mnyama wa Amerika Kaskazini, jamaa wa mbali wa ng'ombe. Ana kichwa kikubwa, ndevu, nundu mabegani na manyoya mazito ya kumpitisha kwa baridi ya theluji. Dume mkubwa anaweza kufika kilo 900 na kitu. Usidanganywe na huo mwili, anakimbia karibu kilomita 55 kwa saa. Boda ya mtaa ingetoka jasho.

Wamarekani wenyewe humwita "buffalo", na hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Nyati wetu wa Nakuru na Mara ni mnyama mwingine kabisa. Nyati wa maji wa Asia, yule anayetoa maziwa ya jibini ya mozzarella kule Italia, pia ni mwingine. Na zile "buffalo wings" unaagizanga na mabeshte Ijumaa? Hizo ni kuku, ndugu yangu. Zimepewa jina la mji wa Buffalo, jimbo la New York, ambako zilianza miaka ya 1960.

Zamani baisani walikuwa wengi ajabu. Makadirio yanasema kati ya milioni 30 na milioni 60 walikuwa wakizunguka nyanda za nyasi za Amerika. Kufikia mwisho wa miaka ya 1880 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Waliuawa kwa ajili ya ngozi, zingine za kutengeneza mikanda ya mashine za viwanda, na pia kwa sababu serikali na jeshi walijua ukimaliza baisani umemaliza nguvu za wenyeji waliowategemea. Leo wako karibu nusu milioni, wengi wao kwa ranchi za watu binafsi, na hiyo nyama unayoona kwa video hutoka huko kwa ranchi. Mwaka wa 2016, Barack Obama alitia sahihi sheria iliyomfanya baisani kuwa mnyama wa kitaifa wa Marekani. Ndiyo, Obama wetu wa K'Ogelo.

Gramu 100 ziko na nini ndani?

Tuongee namba, juu stori bila namba ni porojo. Hizi ni za nyama iliyopikwa, steki ambayo mafuta ya pembeni yametolewa, kulingana na takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani:

- Baisani: kalori kama 143, protini gramu 28, mafuta gramu 2.4, madini ya chuma miligramu 3.4
- Ng'ombe wa kawaida wa supermarket za huko: kalori kama 200, mafuta gramu 8, madini ya chuma miligramu 3
- Kuku bila ngozi: kalori 190, mafuta gramu 7.4, madini ya chuma miligramu 1.2

Umeona hiyo? Nyama nyekundu imepiga hadi kuku kwa upande wa mafuta. Hapo ndipo sifa zote za baisani zimeanzia. Lakini shika hilo neno "steki". Baadaye tutakuonyesha venye baga ya baisani inaweza kukuchezea.

Faida 6 za kula nyama ya baisani

1. Protini mob, mafuta kidogo

Protini ndiyo matofali ya mwili. Misuli, ngozi, nywele, hata kinga ya kupigana na homa, zote zinajengwa nayo. Kipande cha gramu 100 cha baisani kinakupea gramu 28. Kama uko na kilo 70, mwili wako unahitaji kama gramu 56 kwa siku ukiwa mtu wa kawaida, na zaidi kama unainua vyuma. Kwa hivyo kipande kimoja, nusu ya kazi imeisha.

Halafu protini inashibisha. Msee amekula protini ya kutosha lunch hawezi kuwa kwa kiosk saa kumi akitafuta mandazi. Kama unajaribu kupunguza kilo, hapo ndipo nyama isiyo na mafuta mengi inakusaidia. Ni kushiba mapema bila kubeba kalori za bure, hakuna uchawi.

2. Inaongeza damu

Madini ya chuma ndiyo mwili hutumia kutengeneza ile sehemu ya damu inayobeba hewa safi. Zikipungua, unachoka bila sababu, unapanda ngazi floor ya pili kama umepanda Mlima Kenya, na kichwa kinazunguka.

Wanaume watu wazima wanahitaji miligramu 8 kwa siku. Madem wa miaka 19 hadi 50 wanahitaji 18, sababu wanapoteza damu kila mwezi. Mama mjamzito anahitaji 27. Gramu 100 za baisani zinatoa kama 3.4. Na chuma cha nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko cha sukuma wiki au maharagwe. Afadhali zaidi, ukikula nyama na sukuma pamoja, nyama inasaidia mwili kuvuta hata kile chuma cha sukuma.

Tip ya bure: weka limau au nyanya kwa sahani, juu vitamini C inasaidia chuma kuingia, na chai ya rangi isubiri kama saa moja baada ya kula. Majani chai hushika chuma cha mboga na nafaka na kukifanya kipite tu.

3. Vitamini B12 ya neva na ubongo

Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 za B12 kwa siku. Gramu 100 za baisani iliyopikwa zinapitisha hapo kidogo. Hii vitamini hulinda neva na husaidia kutengeneza damu. Upungufu wake huja polepole: ganzi kwa vidole, kusahau-sahau, uchovu. Haipatikani kwa mimea ya kawaida, ndiyo maana wale hawali nyama, mayai wala maziwa kabisa huambiwa watumie tembe au vyakula vilivyoongezewa.

4. Zinki na seleniamu

Haya ni madini ambayo mwili hutumia kidogo kidogo lakini yakikosekana utajua. Zinki husaidia vidonda kupona, kinga kufanya kazi, na hata ulimi kuonja chakula. Seleniamu husaidia tezi ya shingoni na hulinda seli zisiharibike. Baisani iko nazo zote mbili vizuri.

Na tumalize hii stori mapema: kuna wale watakuambia nyama ya baisani inaongeza nguvu za kiume kwa sababu ya zinki. Ukweli ni huu. Mwanaume mwenye upungufu wa zinki anaweza kuona homoni zake zikishuka, na akirudisha zinki mambo yatulie. Lakini kama zinki yako iko sawa, kuongeza nyama hakutakufanya simba. Atakayekuuzia hiyo ndoto anataka ganji yako.

5. Inaweza kuwa pole kwa moyo kuliko ng'ombe

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 ambao wapenzi wa baisani huutaja sana. Watafiti walichukua wanaume 14 wenye afya. Kwa wiki saba walikula nyama ya baisani mara sita kwa wiki, karibu gramu 340 kila mara. Wakapumzika mwezi mmoja, halafu ng'ombe vivyo hivyo, au waliotangulia na ng'ombe wakabadilishiwa. Nyama ya ng'ombe ilionyesha kupandisha mafuta ya damu na dalili za uvimbe wa ndani zaidi, na mishipa haikupanuka vizuri kama mwanzo. Baisani haikuleta hayo mabadiliko kwa kiwango hicho.

Hiyo ni habari njema, lakini soma na macho mawili. Wanaume 14 ni wachache sana. Hakukuwa na mwanamke, hakukuwa na mgonjwa, na wiki saba si miaka 20. Inatuambia kwamba ukibadilisha nyama yenye mafuta na nyama isiyo nayo, mwili unaweza kuhisi tofauti. Haikupi ruhusa ya kula baisani kila siku ukijiona uko salama.

6. Malezi yake yako na sheria

Marekani hairuhusu baisani kupewa homoni za kukuza haraka. Wengi hutumia sehemu kubwa ya maisha yao kwa nyasi wazi, ingawa wengine humalizia miezi ya mwisho wakilishwa nafaka ili wanone. Yule aliyekula nyasi mpaka mwisho huwa na mafuta machache na uwiano mzuri kidogo wa omega-3. Usichangamke sana hapo lakini. Kwa omega-3, samaki wenye mafuta kama dagaa wa makopo au salmoni bado wako mbele sana ya nyama yoyote.

Waliokuwa warefu kuliko wote duniani

Ukitaka kujua chakula kinaweza kufanya nini, achana na video na uangalie watu waliokula baisani kwa karne nyingi: Lakota, Cheyenne, Crow, Blackfoot, Comanche na wengine wa zile nyanda.

Karne ya 19 kuna mtaalamu aliyeitwa Franz Boas ambaye na wenzake walipima urefu wa maelfu ya wenyeji wa Amerika. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 2001, wanauchumi wawili, Richard Steckel na Joseph Prince, walichapisha kazi iliyotumia hizo rekodi. Matokeo? Wanaume wa nyanda walikuwa na wastani wa sentimita kama 172, warefu kuliko Wazungu wa Ulaya na Wamarekani weupe wa wakati huo. Walikuwa kati ya watu warefu zaidi duniani. Urefu wa watu wazima husema mengi kuhusu walivyolishwa wakiwa watoto, na hawa walilishwa fiti.

Halafu baisani wakamalizwa ndani ya miaka michache tu. Utafiti wa wanauchumi Donna Feir, Rob Gillezeau na Maggie Jones ulionyesha kwamba watu wa jamii zilizotegemea baisani, waliozaliwa baada ya yale mauaji, walipungua urefu kwa sentimita 2 hadi 3. Ule urefu wao wote wa kujivunia ukaenda. Na hadi leo jamii hizo bado ziko na kipato cha chini kuliko majirani ambao hawakutegemea baisani.

Walipewa nini badala ya nyama? Serikali iliwafungia kwa maeneo maalum na kuwagawia unga mweupe, sukari na mafuta ya nguruwe. Vizazi vilikula hivyo, na leo wenyeji wa Amerika wako kati ya wanaoumia zaidi na kisukari nchini humo. Ndiyo maana mwaka wa 1992 mataifa ya wenyeji yaliunda InterTribal Buffalo Council, muungano wa kuwarudisha baisani kwa ardhi zao. Kwao hiyo nyama ni afya, ni heshima, na ni deni la historia.

Kuna somo lingine hapo ambalo majamaa wa gym hawakuambii. Hao watu hawakukula steki kavu peke yake. Walithamini sana sehemu zenye mafuta: ulimi, nundu, uboho wa mifupa. Walikausha nyama, wakaiponda, wakaichanganya na mafuta yaliyoyeyushwa na wakati mwingine matunda ya porini, ikawa chakula cha safari kinachokaa miezi. Walijua mtu akikula nyama isiyo na mafuta peke yake wakati wa baridi, bila kitu kingine, anaharisha, anadhoofika na anaweza hata kufa ilhali tumbo limejaa. Mwili una mwisho wa protini unayoweza kuitumia.

Kwa hivyo "haina mafuta" ni sifa nzuri kwa wewe ambaye siku yako iko na chapo, smokie, chipo na soda. Kwa mtu aliyekuwa akiwinda kwenye theluji, mafuta ndiyo yalikuwa uhai.

Chunga hapa

Sasa upande ule mwingine, juu hakuna kitu cha mdomo kisicho na masharti.

*Bado ni nyama nyekundu.* Mwaka wa 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka nyama za viwandani kama soseji, bekoni na hamu kwa kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kwa kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha. Baisani ni nyekundu. Ushauri wa World Cancer Research Fund ni usipitishe gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki, yaani kama mara tatu. Gramu 500 zilizoiva ni kama 700 mbichi bila mifupa. Piga hesabu ya Jumamosi yako.

*Baga si steki.* Nyama ya kusaga ya baisani ya kawaida inaweza kuwa na gramu 16 za mafuta kwa gramu 100 mbichi. Ya baisani wa nyasi ni kama 7. Zote zimeandikwa "bison" kwa pakiti. Kama uko majuu, soma lebo, usisome picha.

*Soseji za baisani bado ni soseji.* Chumvi na dawa za kuhifadhi hazijali mnyama alikuwa nani.

*Gauti na figo.* Kama kidole gumba cha mguu huwaka moto usiku baada ya choma na pombe, nyama yoyote nyekundu kwa wingi itakuchokoza. Na kama daktari amekuambia figo zako hazifanyi vizuri, usijiongezee protini kiholela. Muulize kwanza.

*Mzio wa kupe.* Hii ni ya ndugu zetu walio Marekani, hasa kusini na mashariki. Kuna kupe anayeitwa lone star ambaye akikuuma anaweza kukuachia mzio wa nyama ya wanyama wanaonyonyesha: ng'ombe, nguruwe, mbuzi, hata baisani. Unakula jioni, masaa kadhaa baadaye unawashwa, tumbo linakata au unakosa pumzi. Ukiona hivyo usingoje, enda hospitali.

Ukiipata, ipike hivi

Makosa ya wengi ni kuipika kama ng'ombe. Mafuta ndiyo hulinda nyama isikauke, na hapa hayako. Baisani huiva haraka na ukiisahau dakika chache unatafuna kandambili.

1. Itoe kwa friji mapema kidogo, iloweke kwa limau, vitunguu, saumu na mafuta kidogo ya kupikia.
2. Tumia moto wa wastani. Steki ya juu juu, ile ya kukata vipande, igeuze mara kwa mara.
3. Ushauri wa usalama wa huko ni steki ifike nyuzi 63 ndani kisha ipumzike dakika tatu, na nyama ya kusaga ifike nyuzi 71. Kusaga huingiza vijidudu vya nje hadi ndani, ndiyo maana baga isibaki mbichi katikati.
4. Vipande vya shingo na miguu vichemshe polepole kwa masaa. Vinalainika poa na supu yake ni tamu.
5. Ile sehemu iliyoungua ikawa makaa, kata utupe. Moto mkali na moshi wa mafuta yanayodondoka kwa makaa hutengeneza kemikali ambazo huhusishwa na saratani. Kuloweka na kugeuza mara kwa mara husaidia kuzipunguza.

Mama mjamzito yake iive kabisa, hakuna cha pinki.

Na Kenya je?

Sasa lile swali la beshte yako. Huku hakuna ranchi za baisani, kwa hivyo ukiambiwa kuna butchery mtaani inauza, shtuka.

Shtuka zaidi ukiambiwa ni "buffalo" ya hapa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakupeleka jela au kwa faini ukishikwa na nyama ya porini. Hiyo sheria kando, nyama ya porini haijapita mikononi mwa daktari wa mifugo. Mwaka wa 2019 nyati kadhaa walikufa kwa kimeta kwenye mbuga ya Ziwa Nakuru. Kimeta huua binadamu pia, na mtu anaweza kukipata kwa kuchuna tu au kushika hiyo nyama. Kwa hivyo yule msee wa nyama rahisi isiyo na muhuri anakuuzia bahati nasibu. Kilo ya bei ya chini haitoshi bill ya hospitali.

Lakini ngoja, usisonye bado. Rudi kwa zile namba. Baisani, steki iliyopikwa: kalori 143, protini gramu 28, mafuta gramu 2.4, chuma miligramu 3.4.

Sasa angalia mbuzi. Gramu 100 za nyama ya mbuzi ya kuoka, kutoka kwa takwimu hizo hizo za Wamarekani: kalori 143, protini gramu 27, mafuta gramu 3, chuma miligramu 3.7.

Umeiona? Kalori zimefanana kabisa. Kwa chuma, mbuzi yuko mbele hata. Baisani anamshinda kwa B12, ndiyo, lakini hiyo unajaziwa na yai, maziwa ama omena. Yaani ile nyama jamaa wa video anaimba, wewe unaweza kuipata Kiamaiko, Burma ama Kenyatta Market, ikiwa na muhuri, na kachumbari ya kando yenye vitamini C ya kukusaidia kuvuta chuma. Wasee wa Eastleigh, Garissa na Isiolo nao wako na ngamia, nyama nyingine ambayo mafuta yake mengi hukaa kwa nundu, mbali na mnofu.

Shida yetu haijawahi kuwa mbuzi. Shida ni kuagiza mbavu zenye mafuta tupu, kumwaga chumvi nusu mfuko, kukula kilo watu wawili kila weekend, kusukuma na chupa nne, halafu Jumatatu tunasema "nyama imeniharibia tumbo". Mwambie mchomaji akupe mguu, akupunguzie mafuta, usichomewe hadi nyeusi. Agiza nusu, ongeza sukuma na ugali wa kawaida. Umekula baisani ya nyumbani.

Maswali ya haraka

*Baisani ina ladha gani?* Inakaribia ng'ombe, lakini tamu kidogo na nyekundu zaidi. Haina ile harufu kali ya nyama ya porini.

*Itanitoa kitambi?* Peke yake, hapana. Ikichukua nafasi ya nyama yenye mafuta na ukipunguza jumla ya unachokula, inaweza kusaidia.

*Naweza kuikula kila siku?* Ile mipaka ya nyama nyekundu haijabadilika: mara tatu kwa wiki inatosha. Siku zingine kuna ndengu, maharagwe, samaki, mayai na kuku.

*Niko Texas ama Minnesota, ninunue?* Kama mfuko unaruhusu, ndiyo. Bei yake iko juu ya ng'ombe. Chagua steki au ya kusaga iliyoandikwa ni ya nyasi, angalia mafuta kwa lebo, na kama kuna ranchi ya wenyeji karibu nawe, ganji yako itafika kwa watu walioijua hiyo nyama kabla ya kila mtu.

*Cholesterol yake?* Kama miligramu 82 kwa gramu 100, karibu sawa na ng'ombe na kuku. Faida yake iko kwa mafuta, si hapo.

Tumalize

Nyama ya baisani ni poa kweli. Ina protini ya nguvu, chuma, B12, zinki, na mafuta machache kuliko nyama nyingi. Ilijenga watu waliokuwa kati ya warefu zaidi duniani, na ilipoondolewa, miili ya watoto wao ilionyesha. Hicho ndicho cha kubeba: sahani ya mtoto leo ndiyo mwili wake wa kesho, Lakota ama Dandora.

Kwa hivyo beshte yako akikuuliza tena bison inapatikana wapi Nairobi, mwambie mkutane kwa mbuzi, mguu, nusu, kachumbari mob. Na kama nyumbani kuna katoto, kapewe kipande kabla nyinyi hamjaanza kupigania mifupa.